Harusi Mbili Ndani ya Diski Moja

Bati la biskuti la mamangu lilikaa juu ya kabati lake tangu tulipomzika, na mimi, ninayepanda mapaa ya ghorofa kufunga kamera, nikawa sina mkono wa kulishusha. Juzi nimelishusha. Kifuniko kilipiga kelele ile ile ya zamani, na harufu ikanipiga usoni: udi, kafuri, na ile harufu ya plastiki iliyopata moto, harufu ya diski iliyotoka kuchomwa kwenye kompyuta. Wa rika langu wataijua. Watoto wangu hawaijui. Kwao picha haina harufu, hutoka hewani ikarudi hewani.

Kabla sijaendelea nijieleze kidogo, maana sipendi kuandika kama mtu asiyetoka popote. Nina studio Malindi, nina nyingine Kilifi, nina droni mbili, na harusi yoyote ya watu wanaojiheshimu, kuanzia Mambrui hadi Kikambala, hunipigia mimi simu kwanza ndipo watafute ukumbi. Darasa la saba sikulimaliza. Vijana huja kwangu na vyeti vyao vya chuo, na mimi ndiye ninayewafundisha pa kusimama na pa kutosimama. Sisemi haya kwa kujisifu. Na hata nikijisifu, sifa zenyewe nimezitolea jasho. Nayasema ili ujue kwamba mtu kama mimi hakuogopa mengi duniani. Droni yangu ya kwanza ilitumbukia baharini mbele ya wageni wote na bibi harusi amesimama, na sikutetemeka. Lakini ile Ijumaa ya utotoni nilitetemeka, na sijapata kuogopa tena kwa kiasi kile.

Mamangu, Bi Rehema, ndiye mwanamke wa kwanza Mambrui kushika kamera ya video. Muulize yeyote. Babangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Kikambala. Alikuwa akija kila mwisho wa mwezi, halafu akawa anaruka miezi, halafu akaoa huko huko na hakuja tena. Mjomba wangu aliyekuwa Uarabuni akamletea dadake kamera na kompyuta, vyote vimefungwa ndani ya mablanketi, akamwambia maneno mawili tu: "Usimwombe mtu." Na hakumwomba mtu. Alijifunza peke yake, kwa kubonyeza na kukosea, usiku na mchana, hata akawa anaichezea ile programu ya kuhariri kama mwanamke mwingine anavyochezea sindano ya kufumia.

Kwa asiyejua desturi yetu, harusi zetu ni mbili. Ya wanaume ni nikahi, msikitini, na mtu yeyote aweza kuipiga picha. Ya wanawake ni kupamba. Humo bibi harusi huketishwa jukwaani kama malkia, na buibui zote huvuliwa mlangoni: nywele huonekana, mabega huonekana, bibi mtu mzima hucheza mpaka leso ikamdondoka, na hakuna wasiwasi kwa sababu hakuna mwanamume. Asiyezuiwa ni mtoto tu. Mtoto huyo nilikuwa mimi, na kazi yangu ilikuwa kushika taa. Ilikuwa taa nzito yenye joto la kuunguza kope, na nikichoka ilishuka, na mamangu kutoka nyuma ya kamera, bila kugeuka, alikuwa akisema, "Inua taa, mwanangu." Nami nainua.

Bibi yangu, mamake mamangu, alinionya mapema. Mwanamume anayechungulia wanawake huota chokea kwenye jicho, alisema, na akizidi kuchungulia hupofuka. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe bado hujawa mwanamume." Nikaridhika. Lakini kila asubuhi baada ya kupamba, kabla sijatoka kitandani, nilipapasa kope zangu moja moja.

Usichukulie ile kazi ya mamangu kuwa kazi ya kubonyeza kitufe tu. Kilichomlisha kilikuwa kuaminiwa. Wanawake wa Mambrui na Malindi walimfungulia milango kwa sababu walijua picha zao hazitatoka mikononi mwa wanawake wenzao. Siku moja tu, picha moja tu ya kupamba ingeonwa na mwanamume mmoja, hakuna mlango ambao ungefunguliwa kwake tena. Na sisi tulikula kwa milango hiyo.

Basi ikaja harusi ya Swabra, binti wa Bi Zuhura. Kwenye kupamba ya Swabra ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza mwanamke akimwambia mamangu, huku akinitazama kwa jicho la pembeni, "Rehema, huyu wako naye ameshaanza kurefuka. Karibu atatuangalia." Wenziwe wakacheka. Mamangu akasema tu, "Inua taa, mwanangu," na mimi nikainua, uso unawaka kuliko taa yenyewe.

Baada ya harusi Bi Zuhura akaja na ombi. Swabra alikuwa akingojea karatasi zake amfuate mumewe Maskati, na alitaka awe na diski moja, moja tu, aitie begini, yenye harusi yake yote. Nikahi na kupamba, pamoja. Mamangu alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Siku zote aliziweka mbali: nikahi ilikuwa kazi yake katika kompyuta, na kupamba kazi yake, na kila moja diski yake. Lakini diski ni ya bibi harusi, ya macho yake mwenyewe, ni nani wa kumnyima?

Namkumbuka mbele ya ile kompyuta, feni imeelekezwa kwenye mashine wala si kwake, kwa sababu mashine ilikuwa ikipata joto kuliko mtu. Ilibidi kwanza kila kazi ikamilishwe iwe filamu kamili, kisha zote mbili ziletwe katika kazi moja mpya, zipangwe, ndipo ichomwe diski. Kistari cha buluu kilijikokota kwenye kioo kutoka asubuhi hadi magharibi. Katikati ya nikahi na kupamba akaweka ua lake alilolipenda, waridi linalozunguka na kufumbuka mpaka likajaza kioo chote. Jambo moja lilimshinda: hakujua jinsi ya kuifanya filamu ya kwanza ikiisha isimame, mtu achague mwenyewe. Nikahi ikiisha tu, waridi lilizunguka, na kupamba ikaanza. "Haidhuru," akasema. "Ataitazama Swabra peke yake."

Akachoma na diski ya pili, ya wanaume, yenye nikahi tupu. Hii akaitia katika jalada la kijani. Ile ya harusi mbili akaitia katika jalada jekundu. Juu ya diski zenyewe aliandika jambo lile lile: Harusi ya Swabra. Akampelekea Bi Zuhura zote mbili, naye Bi Zuhura, kwa heshima ya ukwe, akaituma ile ya kijani kwa Mzee Athmani, babake bwana harusi.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, sisi tumekula, mamangu yuko uani anaosha sahani, Bi Zuhura akaingia bila hodi. Buibui amelivaa ndani nje. Mkononi ana jalada jekundu.

"Rehema, hii CD umetia nini?"

"Kila kitu. Nikahi, kisha kupamba."

"Haina kupamba. Imekwisha kwa dua. Tumekaa na dada zangu twamngojea mwanangu atoke, hakutoka."

Mamangu akapangusa mikono, akaichukua diski, akaitia kwenye kompyuta. Nikahi. Akaisukuma mbele. Nikahi, dua, kisha kiza.

"Mlizitoa kwenye majalada?"

"Tulizitoa kuzitazama tu. Zang'ara kama kioo, kila mtu akataka kujiona." Bi Zuhura akashika kichwa. "Tulizirudisha, Rehema. Wallahi tulizirudisha."

"Na ya kijani?"

"Iko kwa Mzee Athmani. Leo ndiyo waitazama. Na ndugu zake wote, na wageni wa Faza. Wamekaa tayari, nimepita nimesikia sauti ya khutba."

Uani bomba lilikuwa likidondoka kwenye sufuria.

"Nikamwite Athmani mlangoni," Bi Zuhura akasema. "Nimwambie azime."

"Umwambie azime kwa nini? Kwa kuwa sisi tumo humo ndani? Akishajua tumo, wenziwe watamwuliza, naye atawajibu. Tutakuwa tumeonwa kabla hatujaonwa."

"Basi Saidi, mwanawe."

"Saidi ndiye atakayeiweka mfukoni."

Kisha wote wawili wakageuka wakanitazama mimi. Mwanamke hawezi kuingia katika sebule ya wanaume, na mwanamume hawezi kuambiwa. Katika Mambrui nzima, siku ile, aliyekuwa na ruhusa pande zote mbili nilikuwa mimi.

Mamangu akanivalisha kanzu yangu ya Ijumaa, akaitoa ile diski ya nikahi tupu na kunitilia mfukoni. "Utamwambia Mzee Athmani, mama asema ile ina kasoro, itaharibu deki, nzuri ni hii. Usiongeze neno. Na usikimbie njiani. Mtoto akikimbia watu huuliza kuna nini."

Sikukimbia. Kutembea siku ile kulikuwa kugumu kuliko mbio zozote nilizowahi kukimbia. Kila aliyekaa mlangoni nilimpa shikamoo yake, na wote walikuwa na maswali yao, mamako hajambo, bibi yako hajambo, na mimi nawajibu huku nikihesabu kichwani mahali filamu ilipofika. Niliijua kwa moyo. Nilikuwa nimelala chini ya sauti yake siku nyingi. Khutba, kisha ijabu na kukubali, kisha kupeana mikono, kisha haluwa na kahawa, kisha dua. Na baada ya dua, waridi.

Mlangoni kwa Mzee Athmani viatu vilikuwa vimejaa mpaka barabarani. Nikatoa salamu, nikaingia, nikabusu mikono ya wakubwa. Sebule ilinukia pilau na kahawa ya tangawizi. Wanaume walikaa kwenye mikeka wameegemea mito, na televisheni kubwa ile ya tumbo nyuma ilikuwa juu ya kabati. Khutba imeshaisha. Bwana harusi yuko mbele ya kadhi. Karibu na televisheni, kwenye kitanda cha kamba, alikaa mzee nisiyemjua, mgongo wima, uso umeelekea kioo sawasawa, hapepesi. Nikasikia wakimwita Mzee Kombo, babake Mzee Athmani, aliyeletwa kutoka Faza kwa ajili ya harusi. Macho yake yalikuwa safi kama ya kijana. Nikawaza, huyu ndiye atakayeona vizuri kuliko wote.

"Shikamoo, Mzee Athmani."

"Marahaba, mwana wa Rehema. Keti, ule."

"Mama asema ile CD ina kasoro. Itaharibu deki. Nzuri ni hii."

"Kasoro gani? Yaenda kama maji."

Saidi, nduguye bwana harusi, alikuwa ameishika rimoti juu ya tumbo. "Mamako ataka kuniondoa mimi humo," akasema. "Ameona nimenenepa kuliko bwana harusi."

"Hukunenepa," mmoja akamwambia. "Ni kamera imekuja na njaa."

Wakacheka. Nikabaki nimesimama, mkono umeinyosha diski.

"Iweke hapo," akasema Mzee Athmani. "Hii ikikwama tutaitia yako. Keti, mwanangu, wawaziba watu."

Nikaketi. Kuongeza neno nilikatazwa, na hata ningeruhusiwa, lipi? Nikakaa karibu na deki kadiri nilivyoweza, macho yangu kwenye kioo. Unajua nilichokuwa nikikiogopa? Mamangu aliogopa milango kufungwa. Mimi nilikuwa nikiyatazama yale macho. Macho ya Mzee Athmani, ya Saidi, ya wageni wa Faza waliovuka maji kuja kula pilau. Niliona chokea zinaota mbele yangu, kisha kiza, sebule nzima ya wanaume wakipapasa kuta kutafuta mlango, na Mambrui yote ikijua ni filamu ya mamangu.

Kwenye kioo bwana harusi akajikwaa ulimi katikati ya kukubali. Sebule ikapasuka kwa kicheko. "Rudisha, rudisha," wakasema, na Saidi akarudisha. Akajikwaa tena. Saidi akarudisha tena, naye akamwigiza, "Nime, nime, nimekubali." Wote waliokuwapo walikuwa wakicheka, nami nikamwombea Saidi kwa Mungu ampe umri, arudishe mpaka jioni. Lakini hata mzaha huchosha. Akaiachia. Wakapeana mikono. Haluwa ikapita kwenye kioo, kahawa ikapita. Kadhi akainua mikono, na watu wote wakainua yao, na dua ikaanza.

Mwadhini akaanza Alasiri.

"Simamisha," akasema Mzee Athmani, na Saidi akabonyeza. Picha ikaganda, mikono yote juu. Rimoti akaitupa kitandani kwa Mzee Kombo. Watu wakainuka, magoti yanalia, wanatafuta kofia na viatu. Nikabaki mahali pangu kama sikusikia. Mkono mzito ukanishika bega.

"Na wewe," akasema Mzee Athmani. "Au wewe si mwanamume? Una udhu?"

"Sina."

"Tangi liko nje. Haraka."

Nikatawadha polepole, nikatawadha tena, mpaka mgongo wa mwisho ukapotea kwenye kona ya msikiti. Maji yananitiririka viwikoni nikarudi mbio, sasa ndiyo nikakimbia, na kabla sijafika mlangoni nikasikia, "Amina. Amina." Filamu ilikuwa inaenda.

Mzee Kombo hakwenda msikitini. Aliwekewa msala wake pale pale. Rimoti alikuwa nayo mkononi. Dua ikaisha. Kioo kikawa cheusi. Kisha waridi likaanza kuzunguka.

Sijui nilifikaje. Najua tu nilijikuta nimesimama mbele ya televisheni, mgongo kwenye kioo, nimeitanua kanzu kwa mikono miwili kama pazia. Umeme wa kile kioo ukaivuta kanzu, ikanata, ikawa inatatarika mgongoni. Na nyuma yangu vigelegele vikalipuka.

"Mzee, usitazame!" nikamwambia. "Utapofuka."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mwana wa Rehema. Tafadhali usitazame."

Akanielekezea yale macho safi. "Mimi sioni, mwanangu," akasema. "Sioni kitu."

Nimechelewa. Imeshatokea, na imeanza na yeye.

Mzee akainamisha sikio. Nyuma ya kanzu yangu wanawake waliimba, mtu akapiga kijiko kwenye sahani, mtu akacheka kicheko cha Bi Zuhura. "Hao ni wanawake," akasema.

"Ndiyo."

"Kupamba."

"Ndiyo, mzee."

Na kutoka ndani ya ile televisheni, karibu kabisa na mgongo wangu, ikaja sauti: "Inua taa, mwanangu."

"Na huyo aamrishaye, ni nani?"

"Ni mamangu."

Kisha akaipapasa rimoti, akanipa. "Basi itoe. Mimi nimesikia tu. Itoe kabla hawajatoa salamu."

Wale waliowahi kuwa na deki za zamani wanajua jinsi ulimi wake ulivyotoka kwa kiburi, taratibu, kama unafikiria kwanza. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa. Diski ikaniteleza, nikaidaka kwa tumbo. Nikaitia ile nyingine, nikausukuma ulimi ndani, na hapo hapo kivuli kikaingia mlangoni. Saidi. Daima wa mwisho msikitini, na leo amesahau kofia.

"We! Wafanya nini na deki ya watu?"

Nikaificha diski kifuani.

"Nimemtuma mimi," akasema Mzee Kombo. "Ile yakwaruza, yaniumiza masikio. Nimemwambia atie hii ya mamake."

"Haikuwa ikikwaruza, babu."

"Masikio ni yako au yangu?"

Saidi akanyosha mkono kwangu. "Basi hiyo mbovu ilete. Nitaitazama mwenyewe ina nini."

Nikamtazama yule mzee aliyepofuka mbele yangu. Hakugeuza hata uso. "Saidi," akasema, "imamu yuko rakaa ya ngapi?"

Saidi akasonya, akaipokonya kofia yake juu ya mto, akatoka. Mzee Kombo akaniambia niende, na kabla sijatoka nikambusu mkono. Ulinukia haluwa. Nilikuwa nikilia.

Nilirudi nyumbani kwa kutembea, kama nilivyoagizwa, diski imebanwa kwenye ngozi ya tumbo langu, bado ina joto la deki. Wanawake wale wawili walikuwa wamesimama mahali pale pale nilipowaacha. Nikampa mamangu. Akaigeuza, akaitazama, akaifumbata kwa mikono yote miwili.

"Nani ameona?"

"Mzee Kombo," nikasema, na kilio kikanitoka chote. "Ameona, amepofuka. Amepofuka papo hapo, ameniambia mwenyewe."

Mamangu akakaa chini. Bi Zuhura akanitazama, kisha akajitia kitambaa cha buibui mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. "Mzee Kombo," akasema alipoweza, "haoni tangu Swabra hajazaliwa. Hapa aliletwa kwa kushikwa mkono."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mamangu hakucheka. Alinishika kidevu, akaniinua uso.

"Na wewe? Uliitazama?"

"Niliipa mgongo."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa nimeiziba kwa kanzu. Sikugeuka."

Akaniangalia muda mrefu, kama mtu anayenunua kitambaa na hajui kitatosha. Kisha akasema, polepole, "Basi umeshakuwa mwanamume. Hutakuja tena kupamba."

Niliipokea kama adhabu. Sikuelewa. Nimeiokoa kazi yake, na malipo yangu ni kufukuzwa? Kupamba iliyofuata nilikaa nje barazani na viatu vya wageni, nikisikia vigelegele, na taa ikashikwa na mtoto wa jirani ambaye hata kuisimamisha sawa hakujua. Nilikasirika miezi mingi. Ndipo nikaanza kumfuata mpiga picha wa wanaume, nikambebea nyaya, nikajifunza, na hapo ndipo alipoanza huyu mtu unayemsoma leo. Milango ya Mambrui na Malindi ilibaki wazi kwa mamangu mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka. Harusi mbili katika diski moja hakuzitia tena. Na katika studio zangu mpaka leo kazi ya wanawake ina chumba chake, kompyuta zake na ufunguo wake, na ufunguo huo mimi sina. Vijana wenye vyeti huniuliza kwa nini. Nawaambia wafanye kazi.

Ile diski Bi Zuhura alikataa kuichukua. "Nyumba yangu ina mikono mingi," alisema. "Swabra atafika Maskati salama bila hiyo. Kaa nayo wewe." Mamangu akaitia ndani ya bati la biskuti, na ndiyo iliyonifanya nilishushe juzi, kwa sababu Swabra alinipigia simu kutoka Maskati. Bi Zuhura ameshatangulia, Mungu amrehemu. "Sina mamangu akicheka," Swabra akaniambia. "Nina picha zake amekaa tu, amenuna. Mamako hakuiweka ile?"

Nikamwambia ninayo, na nina mashine za kila aina, ataipata simuni kabla ya magharibi. Hilo la mashine ni kweli. Lakini nilipoishika nikakumbuka kwamba mimi, mwenye studio, siruhusiwi. Nikamwita binti yangu Maryamu, anayeongoza chumba cha wanawake, nikampa diski na ile mashine ya zamani ya kuisomea, akafunga mlango. Mimi nikakaa nje kizingitini. Wafanyakazi walipita wakinikwepa, wakidhani nimekasirika.

Nikaisikia dua. Nikasikia amina. Kisha kimya, na nikajua waridi linazunguka. Vigelegele. Kijiko kwenye sahani. Bi Zuhura akicheka kile kicheko chake.

Nina harusi za pwani nzima katika makabati yangu, na mamangu hamo hata katika moja. Alikuwa nyuma ya kamera. Sauti yake sikuwa nayo popote, wala sikuwahi kufikiri kuitafuta.

"Baba," Maryamu akasema kutoka ndani, "nipunguze sauti?"

"Iache."

Nilikaa na mgongo kwenye mlango, kama nilivyokipa mgongo kile kioo. Na mamangu akasema, karibu kabisa, bila kugeuka, "Inua taa, mwanangu."

Kijana mmoja wa studio alisimama akanitazama, akataka kuuliza, akaona afadhali apite. Ndipo nilipojua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeinuka juu ya kichwa changu, umekunja vidole, umeshika.